Kisa cha Z.: aliyepanda alisikizwa, aliyeshuka hakuulizwa

Kabla ya kisa

Z. amesomewa andiko hili tangu mwanzo hadi mwisho na kulikubali. Nimebadilisha kazi yake, mtaa wao, umri wake kidogo na hesabu ya ndugu zake; hospitali, walimu na waganga aliowapitia sikuwataja. Aliniomba jambo moja nisilibadilishe, nalo ni mabuyu. Na kuna mwenzao mmoja wa wale nitakaowaeleza huko chini aliyeomba asiandikwe kabisa, kwa hivyo hamtamwona humu.

Mimi ni mwanasaikolojia hapa Mombasa. Mambo ya dawa yalikuwa mikononi mwa daktari wa magonjwa ya akili niliyeshirikiana naye, na nikisema "tuliamua" ni mimi naye, mara nyingi baada ya kubishana. Nawaandikia washauri nasaha, maafisa wa kliniki na wauguzi ambao huletewa mtu "aliyepandisha", yaani aliyepandwa na pepo, wakatakiwa kusema, mbele ya ukoo mzima, kama ni jini au ni maradhi. Maradhi ya Z. tuliyaita, mwishowe, ugonjwa wa mtengano wa nafsi.

Bahasha ya kaki

Z. alikuwa na miaka 29 alipoletwa na shangazi yake. Shangazi aliweka mezani bahasha ya kaki iliyochanika pembe. Ndani mlikuwa na kadi za kliniki, karatasi za dawa, vipimo viwili vya umeme wa ubongo, na hirizi moja iliyokatwa uzi. Miaka 17 ya kutafuta dawa. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Mwanangu, huyu ameshapita kote. Hospitali ameenda, kwa mwalimu ameenda, ngoma amepigiwa siku tatu. Sasa nambie, wewe una nini wasichokuwa nacho wao?"

Sikuwa na jibu, na nashukuru sikulibuni.

Z. mwenyewe alikuwa nadhifu, mpole, mwenye maneno ya mpangilio. Alikuwa karani wa mahesabu kwenye ofisi moja mjini. Alikuwa na malalamiko matatu: usingizi hapati, kichwa chamuuma, na "watu wanisingizia". Kazini alipewa barua ya onyo kwa kumtukana mkubwa wake, naye akaapa hajawahi kumwinulia sauti. Jirani alimdai sufuria ambayo hakumbuki kuiazima. Kaka yake alisema alipigiwa simu usiku wa manane na mtoto anayelia, na namba ilikuwa ya Z.

Hilo la kusingiziwa lilikuwa limeandikwa katika mafaili mawili kama dalili ya wazimu: mgonjwa anaamini kuna njama dhidi yake. Nami nililiandika hivyo hivyo siku ya kwanza. Sasa litazame kwa upande wake. Mtu ambaye saa zake hupotea, na hajui kwamba zapotea, ataona dunia nzima inamzulia. Afikirie nini kingine? Z. alikuwa akitoa habari sahihi ya maisha yake, ila ilikosa kipande kimoja, na kipande hicho yeye hakukijua wala sisi hatukukiuliza.

Kote alikopita

Akiwa na miaka 12 alianza kuanguka darasani. Ikasemwa ni kifafa, akaanzishwa kabamazepini. Vipimo viwili vya umeme wa ubongo vilitoka safi, lakini kipimo safi hakiondoi kifafa, na hilo ni kweli, kwa hivyo aliyemwandikia dawa hakukosea kuendelea kushuku. Kosa ni kwamba baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Dawa iliandikwa upya kila miezi mitatu kwa miaka, na kuanguka hakukupungua wala kuongezeka.

Akiwa na miaka 19 alimwambia muuguzi kwamba anasikia sauti. Akatoka na jina la skizofrenia na sindano ya kila mwezi. Shingo ikakaza, mate yakawa yanamtoka, akaacha chuo cha ushonaji kwa aibu. Sauti, kwa maneno yake, "zilisinzia, hazikulala."

Akiwa na miaka 23 alipelekwa kwa mwalimu wa dini, akasomewa na kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Anasema kombe lilimpa raha, na nilipomdadisi akaeleza kwa nini: mke wa mwalimu alikuwa akikaa kitandani naye mpaka usingizi umchukue. Mwaka uliofuata ikaja ngoma ya kupunga pepo. Usiku wa tatu akapanda mmoja mwenye sauti nzito ya kiume, anayechanganya maneno ya Kiarabu, akakataa kutaja jina. Alisema neno moja tu na kulirudia: "Asiguswe." Fundi wa ngoma akalifasiri kuwa ni mwiko wa kiti, yaani wa mtu anayepandwa, kwamba Z. asipewe mkono na wageni na avae nguo nyeupe siku za Ijumaa. Maneno ya Kiarabu hayakunishangaza, kwani Z. amesoma madrasa tangu mdogo. Hilo "asiguswe" lilipaswa kunishangaza, na halikunishangaza mpaka mwaka wa pili.

Ukiwaweka pamoja waliomshughulikia, pamoja nasi, utaona sote tulifanya kitu kimoja. Daktari aliuliza sauti zinasema nini. Mwalimu alimsomea aliyepanda. Fundi aliongea na aliyepanda, akampa kitambaa na uvumba. Aliyeshuka, yule Z. anayezinduka jasho likimtoka na watu wamemzunguka, hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi.

Vidole vyekundu

Kikao cha nne aliingia vidole vikiwa vyekundu. Nikamwambia kwa utani, "Leo umeanza na mabuyu?" Akaitazama mikono yake kama si yake. Z. hali mabuyu, tangu utotoni harufu yake humkera. Akafungua mkoba, ndani mna pakiti ya mabuyu iliyobaki nusu na kitabu cha watoto cha kupaka rangi, kurasa mbili zimepakwa. Akaanza kulia, akasema, "Haya si yangu, wallahi sikuiba."

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningepaswa kulianza nalo: "Kuna saa ambazo hujui zilikwendaje?"

Akanyamaza. Kisha akaniuliza, kwa mshangao wa kweli: "Kwani wewe huna?"

Alidhani kila mtu yuko hivyo. Kwamba watu wote huzinduka ng'ambo ya Likoni bila kujua walivukaje, hukuta nguo mpya kabatini, hujibu salamu za wasiowajua, na kwamba wengine wamejifunza tu kulificha vizuri kuliko yeye. Ndiyo maana hakuwahi kulitaja kwa daktari yeyote. Nani huenda hospitali kusema kwamba anapumua?

Nikamwomba alete taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Tukakaa na kalamu ya rangi, yeye karani wa mahesabu akiwa hodari kuliko mimi, akipiga mstari kila muamala asioukumbuka. Vilikuwa 43. Vingi ni vijisenti kwa muuza mabuyu mmoja, daima jioni, saa kumi kwenda kumi na moja. Vingine ni nauli za bodaboda usiku. Na kulikuwa na vya aina ya tatu vilivyomtoa machozi upya: kila mwisho wa mwezi mtu alikuwa akiweka shilingi elfu moja kwenye akaunti ya akiba ambayo Z. hakujua kuwa anayo. Safari za Likoni hazikuonekana humo, kwa sababu feri mtembea kwa miguu halipi. Hizo tulizipata kwa kumwuliza shangazi.

Ninawashauri wenzangu mbinu hii bila kusita. Haimtaki mgonjwa akumbuke asichokikumbuka, haimtii maneno mdomoni, na anaifanya yeye mwenyewe.

Jinsi tulivyolifikia jina

Mtengano wa nafsi, kwa maana pana, kila mtu anaonja. Unatoka Mtwapa hadi Buxton ndani ya matatu, ukifika hukumbuki daraja la Nyali ulilipita saa ngapi. Mfaransa Pierre Janet alikwisha kuandika mwaka 1889 jinsi mambo ya akilini yanavyoweza kutengana, kila fungu likaendesha shughuli zake bila fungu jingine kujua. Katika ncha ya mbali kabisa ya mstari huo ndiko uliko ugonjwa wa mtengano wa nafsi (dissociative identity disorder), unaofupishwa kitaalamu kama DID. Hadi mwaka 1994 orodha ya Marekani ya maradhi ya akili, DSM, iliuita ugonjwa wa nafsi nyingi. Jina likabadilishwa, na sababu yake ni nzuri: tatizo la mtu huyu ni kwamba nafsi moja haikupata nafasi ya kuungana, wala si kwamba ana nafsi za ziada.

Toleo la tano la orodha hiyo, DSM-5 ya mwaka 2013, linataka mambo kadhaa kwa pamoja: hali mbili au zaidi za nafsi zilizo tofauti waziwazi, mapengo ya kumbukumbu yanayojirudia, dhiki au kuharibika kwa maisha, na isiwe ni pombe, dawa au kifafa. Maneno mawili katika orodha hiyo yanatuhusu sana watu wa pwani. La kwanza, inasema wazi kwamba katika jamii nyingine hali hii huelezwa kama kupandwa na pepo. La pili, isiwe sehemu ya kawaida ya mila au dini inayokubalika. Mwanamke mwenye ruhani anayepandisha ngomani, akashuka, akaenda zake nyumbani kupika, hana ugonjwa kwa sababu hiyo tu. Orodha ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, imeweka hata fungu la peke yake kwa maradhi ya kupandwa, mbali na DID. Kwa Z. mpaka ulikuwa wazi: kupandisha kwake hakukungoja ngoma wala uvumba, kulimjia ofisini, barabarani na usingizini, naye hakutaka.

Kifafa tulikipima kwa njia ya kimaskini. Kaka yake alimrekodi kwa simu siku moja alipoanguka. Dakika 20 nzima, macho yamefumbwa, kichwa kinakwenda kushoto na kulia, machozi yanatiririka. Kifafa cha kawaida cha kuanguka hakichukui muda huo, na macho kwa kawaida huwa wazi. Daktari aliitazama mara tatu, akaipeleka kwa mwenzake wa mishipa ya fahamu, na ndipo kabamazepini ikaanza kupunguzwa, kidogo kidogo kwa miezi, maana kuikata ghafla ni hatari hata kwa asiye na kifafa.

Skizofrenia ilitupa ubishi zaidi. Sauti zinazobishana ndani ya kichwa zaweza kupatikana katika maradhi yote mawili. Lakini za Z. zilianza utotoni, zilimjua, zilikuwa na tabia zisizobadilika, na zikinyamaza fikra zake zilikwenda sawa na uso wake ulikuwa na uhai. Daktari alishikilia sindano kwa miezi mitatu zaidi. Nilikasirika wakati ule. Leo naona alikuwa na haki ya kuwa mwangalifu.

Kipimo cha maswali 28 kilichotungwa na Eve Bernstein na Frank Putnam mwaka 1986 tulikitumia pia. Swali la kwanza kabisa lahusu kusafiri na kugundua hukumbuki safari. Nikalifanya la matatu na feri. Wastani unaofika 30 humtaka mtu achunguzwe zaidi. Z. alipata 47. Kipimo hicho ni cha kuchuja tu, hakitoi jina la ugonjwa, na nimeona wenzangu wakikichukua kama kipimo cha malaria.

Tuliyoamua, na kwa nini

Kuna wataalamu wasioamini DID, au wanaoamini kwamba mara nyingi hutengenezwa na mtibabu mwenye hamu. Hawasemi upuuzi. Miaka ya 1980 na 1990 huko Marekani utambuzi huu ulifurika, watu wakalazwa usingizi wa kuongozwa na mtibabu (hipnosi), na baadhi yao "wakakumbuka" mambo ambayo hayakutokea. Watibabu wengine waliishia mahakamani. Kwa hivyo tuliweka masharti: hakuna kumlaza usingizi wa namna hiyo, hakuna kumwita "mwingine" atoke, hakuna kumpa jina asiyejipa. Majina ya Mdogo na Mkali yalitoka kwa Z. mwenyewe. Mdogo, kama miaka saba, ndiye wa mabuyu. Mkali ndiye mwenye sauti nzito.

Kufuata miongozo ya kimataifa ya mwaka 2011 kuhusu ugonjwa huu maana yake ni kwenda kwa hatua tatu: kwanza usalama na utulivu, kisha kuyapitia majeraha, halafu kuunganisha na kurudi maishani. Dawa ya DID yenyewe haipo. Z. alipewa fluoksetini kwa ajili ya huzuni iliyomkalia, basi.

Tulianza na vitu vya mkononi. Karafuu ya kunusa. Leso aliyoinunua mwenyewe mwaka 2021; akihisi anaanza kupotea ashike pindo na kusoma kwa sauti jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Leso hiyo Mdogo haijui, kwa kuwa utotoni haikuwapo, kwa hivyo kila ikisomwa inamwambia kwamba miaka imepita. Na daftari la kurasa 96 ndani ya mkoba, la kuandika yeyote atakaye. Kwa wiki tatu lilikaa tupu. Wiki ya nne palikuwa na mstari mmoja, kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka: "Usimwambie."

Kosa langu

Yaliyompata Z. utotoni, katika nyumba aliyolelewa baada ya mamake kufariki, sitayaeleza. Yalianza kabla hajatimiza miaka saba, yakaendelea kwa miaka, na aliyeyafanya alikuwa mtu mzima anayeheshimiwa. DSM-5 inasema takriban asilimia 90 ya wenye DID huko Marekani, Kanada na Ulaya wana historia ya kudhulumiwa au kutelekezwa utotoni, kwa hivyo sikushangaa. Mtu huyo alifariki mwaka mmoja kabla ya Z. kuja kwetu. Z. alihudhuria matanga, picha zipo, na hakumbuki hata siku moja ya matanga hayo. Kuanzia hapo kila kitu kiliharibika. Kifo cha aliyemdhulumu mtu ni moja ya mambo yajulikanayo kuuamsha ugonjwa huu, na ndugu zake walioshangaa kwamba amezidiwa wakati ambapo "mambo yametulia" hawakuwa na njia ya kujua.

Mwezi wa tano nikaona amekaa vizuri. Analala, haanguki, daftari linaandikwa. Nikamwuliza nini kilitokea katika nyumba ile. Sikuuliza kwa ajili yake. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na udadisi wa mtu aliyesoma kuhusu jambo kwa miaka na sasa amekaa nalo uso kwa uso. Alinijibu maneno machache kwa sauti ya kawaida mno, akaaga, akaenda. Siku mbili hazijulikani. Siku ya tatu shangazi alimkuta amejidhuru, akalazwa siku nne.

Mkali alikuwa ameniandikia. Nilikuwa nimesoma "Usimwambie" na kuiona kama kikwazo cha kuondoa, badala ya kuiona kama onyo la mtu aliyejua nyumba kuliko mimi. Na DSM-5 inaeleza kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wenye DID wanaotibiwa bila kulazwa wamewahi kujaribu kujiua. Takwimu hiyo niliijua.

Huko hospitali jamaa walisema alikosea dawa. Waliogopa polisi, na hawakuogopa bure: wakati ule kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilikuwa bado kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Uwongo ule wa hofu ulifanya aruhusiwe bila mhudumu yeyote wa afya ya akili kumwona, na mimi nilipata habari siku ya tano.

Shangazi

Nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Shangazi aliniandalia chai na mahamri, akanisikiza hadi mwisho, kisha akasema: "Nyinyi mwataka kumnyamazisha yule mkali. Mimi nimekulia ngomani. Pepo hafukuzwi kama kuku, mwanangu. Aulizwa ataka nini, mkapatana."

Niliirudia sentensi hiyo ndani ya tuktuk njia nzima. Kupunga kwa wazee wa pwani, mara nyingi, ni mapatano: anayepanda hutambuliwa, hupewa haki yake, naye huahidi kutomdhuru kiti. Miongozo ya 2011 inasema jambo la jirani sana: usifukuze upande wowote wa nafsi, usipendelee mmoja, jenga mazungumzo kati yao. Nilikuwa nimeisoma miongozo hiyo na kuipigia mistari, na bado nilikuwa nikimtibu Mkali kama mvamizi.

Tofauti ipo na tulizungumza juu yake na shangazi bila kuumizana. Yeye aamini Mkali ametoka nje ya Z.; mimi naamini ametoka ndani yake. Tulikubaliana kwamba kwa kazi tuliyo nayo hilo halihitaji kuamuliwa, ila ngoma isipigwe tena, kwa sababu kelele na umati vilimpoteza Z. kwa siku nyingi. Akakubali. Sharti lake lilikuwa moja: nisimwite mwanawe mwendawazimu mbele ya watu.

Z. aliandika swali daftarini kwa mkono wake: kazi yako ni nini? Jibu lilikuja baada ya siku sita. Neno moja. "Mlango."

Katika nyumba ile, usiku, kulikuwa na mlango usiokuwa na komeo.

Kuanzia hapo tuliacha kuongea *juu* ya Mkali. Tulimwuliza kabla ya kila jambo zito kama twaweza kuendelea. Alikataa mara nyingi. Tulingoja. Akaunti ya akiba, tukaja kujua, ilikuwa yake pia: nauli ya kuondoka, endapo ingehitajika.

Hali ilivyo

Imepita miezi 26. Kupoteza saa, kulikokuwa mara tatu au nne kwa wiki, sasa ni mara moja au mbili kwa mwezi, na kwa kawaida anaweza kuusoma muda huo daftarini. Sindano imeachwa, kabamazepini imeachwa, fluoksetini anaendelea nayo. Kuanguka kulirudi mara mbili, zote karibu na tarehe ya yale matanga. Kazini hatukusema DID. Daktari aliandika kwamba ana maradhi yatokanayo na kiwewe na ahitaji ruhusa ya saa mbili kila Jumatano. Ile barua ya onyo haikufutwa.

Hawajaungana kuwa mmoja, na Z. hataki, angalau si sasa. Hatua ya pili tumeigusa kwa ncha ya kidole. Mabuyu yanaendelea kununuliwa, Z. ameyatengea shilingi 150 kwa wiki katika hesabu zake, chini ya "mengineyo."

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi kilikuwa cha bei rahisi. Swali moja la saa zilizopotea, taarifa ya M-Pesa, video ya simu, daftari. Hakuna hata kimoja kinachohitaji hospitali kubwa, na vyote vingeweza kufanywa, kwa sura nyingine, Z. alipokuwa na miaka 12. Miongozo ya 2011 inataja kwamba wagonjwa hawa hukaa katika huduma za akili kati ya miaka 5 na 12.4 kabla ya kutambuliwa. Z. alikaa zaidi, na sioni kwamba sababu ni upungufu wa vifaa. Fomu zetu za kupokea mgonjwa zina mstari wa "kusikia sauti" na mstari wa "kuona vitu". Mstari wa kumbukumbu huulizwa wazee pekee. Nimeuongeza kwenye fomu yangu. Tangu hapo watu watatu wamejibu ndiyo. Wawili ni pombe, mmoja bado tunamchunguza. Ugonjwa wenyewe huenda si adimu kama tunavyofundishwa: utafiti mdogo wa watu wazima wa jamii moja Marekani, unaotajwa na DSM-5, ulipata asilimia 1.5.

Kilichofaa kingine ni kutogombana na shangazi. Sikufanya hivyo kwa hekima. Nilikuwa nimeshindwa na sina pa kwenda. Ningekuwa nimefaulu hadi mwezi ule wa tano, nadhani ningemwambia kwa upole kwamba mambo ya ngoma ni ya kale, na tungempoteza.

Kilichoharibika nimekwisha kukisema, ila naongeza haya. Mpango wa usalama niliuandika na Z. peke yake. Upande uliojidhuru haukuwa Z., haukuusoma mpango, haukuukubali. Ukifanya kazi hii, uliza waziwazi kama kuna yeyote ndani ambaye hajakubaliana, na ungoje jibu hata likichukua wiki. Pia sikumpa shangazi namba yangu ya usiku, nikidhani ni kulinda mipaka ya kazi. Mipaka hiyo ilimlinda nani siku ile?

Vikao vilikuwa mara moja kwa wiki kwa sababu ya nauli na ruhusa ya kazi. Viwili vingekuwa bora, na huenda kwa viwili ningeona dalili kabla ya siku zile mbili. Sikuwa pia na mtu wa kunisimamia aliyewahi kuona kisa kama hiki; daktari mwenzangu na mimi tulisomeshana. Tumeanza kukutana watu watano kila mwisho wa mwezi kupitia visa vigumu bila majina. Mkutano wa kwanza nililileta kosa langu la mwezi wa tano, na mmoja wao akaniuliza kama nimemwambia Mkali samahani. Sikuwa nimemwambia. Niliandika daftarini Jumatano iliyofuata. Hajajibu.